Kikombe Kwenye Ndoo ya Taka

Shoga, umeme ulikatika, nikasikia kikombe kikigonga ndani ya ndoo ya taka. Nikamulika kwa simu: mama mkwe. Na kikombe changu, kizima, juu ya maganda ya viazi.

"Saratani ya kizazi haichezewi, mwanangu. Humu tuna mtoto."

Mwanangu. Ananiita mwanangu huku ananitupa.

Na nilikuwa nimetoka kumweleza mama mkwe jinsi daktari alivyolinganisha picha zangu za MRI, ya kabla ya mionzi na ya leo. Uvimbe umeanza kusinyaa mapema, kwa hiyo anatarajia matibabu yatanikubali. Akaitikia, "Mungu mkubwa." Mdomo huohuo.

Kikombe hakiambukizi saratani, nilishamwambia.

Nikakiokota. Binti yangu akatutazama, akasema, "Bibi, hata mimi huwa nakunywa kwenye hicho."