Wifi Amechukua Televisheni Yangu, Sasa Ananiita Nikaitazame Naye

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo la kunigombanisha na ukoo mzima. Ninakuandikia nikiwa sebuleni kwangu, mkabala na meza ya televisheni isiyo na televisheni, nyaya zinaning'inia ukutani, na ukinivumilia nitakueleza ilivyoondoka na kwa nini aliyeichukua ndiye sasa ananibembeleza.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa nyumbani, watoto wangu ni watu wazima na wote wameshaondoka, na mume wangu alifariki mwaka juzi. Marehemu alikuwa mtu mwema, sina la kumsema, ila rimoti ilikuwa yake, na yeye alipenda filamu za vita, basi tangu nimeolewa nimetazama vita, vya mizinga, vya farasi, vya baharini, nimekaa pembeni yake na nguo ya kupinda mkononi, mtu akilipuliwa nainua macho nasema "masikini", narudi kwenye pindo langu, naye akawa anawaambia watu kwamba mke wake anapenda vita kuliko mwanajeshi, na mimi sikubisha kwa sababu hata mimi sikujua kama napenda au sipendi, sikuwahi kuulizwa wala kujiuliza.

Alipofariki watoto wakaninunulia televisheni kubwa ili nyumba isiwe kimya, nikaenda kwa muuza filamu wa mtaani kwetu, bwana mmoja mnene ambaye wote tunamwita Mkanda, akaniuliza, "Mama, wewe binafsi unapenda filamu gani?" nikasimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa, nikaona aibu, nikamwambia anipe za kila aina kidogo kidogo nikaonje mwenyewe, akanijazia flashi.

Nikaanza na za mapenzi, maana kila mtu husema wanawake tunapenda hizo, na mshauri nilijitahidi, lakini wanapendana, wanagombana kwa jambo ambalo lingeisha kwa kupigiana simu, mvua inanyesha, wanapatana, na mimi nimeshakata kitambaa cha darasa zima bila kuinua macho. Za kuchekesha zikanikasirisha, watu wanaanguka kwenye matope na mimi nafikiria nani atafua. Za upelelezi nilizipenda kiasi, ila nina kiherehere, nikishamshuku mtu situlii, naruka mpaka mwisho, nikishajua najuta. Ya katuni, ilikuwa habari za bata aliyeachwa nyuma na wenzake, nililia mpaka nikazima.

Halafu alasiri moja nikaweka ya kutisha, nikavuta mapazia kwa kuwa jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, na hapo ndipo nilipopotea. Msichana amehamia nyumba ya babu yake, chini ya ngazi kuna mlango, kila mtu amemwambia asiufungue, na mkono wake umeshafika kwenye kitasa. Nilipiga kelele nikajichoma sindano, mzimu ukatoka, ukapita karibu karibu, nikaona gauni lake la enzi za mababu lina zipu mgongoni, nikacheka mpaka nikateleza kitini, na katikati ya kicheko mzimu ukageuka ukanitazama, nikapiga kelele tena. Ilipoisha nilikuwa nimelowa jasho, na nilihisi njaa, njaa ya kweli ambayo sikuwa nimeihisi tangu msiba, nikapika, nikala nikamaliza, nikarudi kwa Mkanda nikamwambia, "Hizi. Nipe hizi."

Sasa wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu, alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, ni mtu ambaye akiingia chumbani unajikuta umeficha mikono mgongoni hata kama hukuiba kitu. Siku moja alipita kunijulia hali, akiwa nje akanisikia nacheka, halafu napiga kelele, halafu namwambia mtu "usiingie huko mwanangu, rudi", akasukuma mlango, akanikuta gizani nimejifunika shuka mpaka puani na kwenye kioo jeneza linafunguka. Alifungua mapazia yote, akanigusa paji la uso kupima homa, akaondoka.

Jumapili yake ukoo ukajaa sebuleni kwangu, Baba Mdogo wa marehemu, shemeji zangu na wake zao, wote wanaongea kwa sauti za msibani. Wifi akawaeleza kwamba mjane anakaa gizani akizungumza na wafu, na kwamba kaka yake alinizoesha filamu za maana zenye mashujaa, leo naidhalilisha kumbukumbu yake kwa majeneza. Nikataka kuwaeleza habari ya zipu, lakini mshauri, habari ya zipu ukiisimulia mbele ya wazee waliokunja sura haichekeshi hata kidogo, ndiyo ikazidi kuniharibia. Wakaamua niombewe, na televisheni ikae kwa wifi mpaka nitulie. Shemeji zangu wakaibeba na flashi yangu ikiwa bado imechomekwa.

Haukupita muda mrefu wifi akanipigia simu, akaniuliza habari za mgongo wangu, za wateja, za watoto, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yule msichana wa kwenye ngazi, mwishowe anatoka?"

Nikamuuliza msichana gani. Akasema alikuwa anakagua huo uchafu ajue anachokiombea, akafika kwenye mlango akashindwa kuendelea peke yake, na tangu hapo hawezi kuingia stoo kwake. Nilikataa kumwambia mwisho, akaniomba niende nikakae naye, nikaenda. Alining'ang'ania mkono mpaka pete yake ikaniacha alama, na zipu aliiona mwenyewe bila kuambiwa, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Tangu hapo tunakaa kila alasiri, na filamu mpya anazifuata mwenyewe kwa Mkanda, amevaa miwani ya jua.

Lakini mbele za watu mimi bado mgonjwa. Jana Jumapili yeye ndiye aliyeongoza maombi, mkono wake juu ya kichwa changu, akaomba nitolewe gizani, na watu walipofumbua macho akaninong'oneza nisikose kesho, kuna ya bibi harusi. Nikamuuliza atawaambia lini, akasema mimi nimeshaharibika, hakuna haja tuharibike wote wawili. Na sasa Baba Mdogo ameleta hoja nihamie kwake, nyumba ipangishwe, cherehani iuzwe, eti upweke ndio unaonivuruga, na kikao ni mwisho wa mwezi. Je, nimuumbue wifi? Na je, nimemsaliti marehemu, ikiwa kumbe vita sikuvipenda hata siku moja?

Fundi Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Sare, pole na hongera kwa pamoja. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikairudia nikakasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yako.

Mtu mzima mwenye kazi yake na nyumba yake, watu wanakaa kwenye viti vyako, wanajadili akili yako, wanabeba televisheni yako, na wewe nadhani uliwashikia mlango. Kupenda filamu za kutisha si ugonjwa. Umejaribu hizi na zile kama mtu anayepima viatu, kimoja kimebana, kingine kimepwaya, mpaka kimoja kimekaa, na ukatoka hapo ukapika ukala. Hapo kuna la kuombea gani? Ila usijifungie humo. Za mapenzi umezihukumu ukiwa umeinamia mkasi, na yule bata hukumpa nafasi ya kufika nyumbani.

Marehemu hukumsaliti. Alitaka mtu wa kukaa naye, na ulikaa. Wewe na ukoo msimpe leo kazi ya kulinda rimoti.

Kuhusu wifi, usimuumbue. Atakana, na kati ya matroni na mtu anayeionya televisheni, ukoo utamwamini matroni. Halafu kuna jambo umelipita mbio: huyo mama amefiwa na kaka yake. Umenieleza walivyokuja kukukagua wewe, hukunieleza nani alikwenda kukaa na yeye. Ni wewe peke yako, na mkono wako una alama.

Lakini kuwa mgonjwa wake wa bandia kumekwisha. Leo usiende. Akipiga simu, mwambie bibi harusi atasubiri mpaka kwenye kikao yeye atakaposimama, kabla Baba Mdogo hajafungua mdomo, na kusema kwamba amekuangalia kwa karibu na amekuona mzima. Ni kweli tupu, na heshima yake haipungui hata uzi mmoja. Akigoma, amtazame huyo bibi harusi leo peke yake, kisha aende stoo.

Baba Mdogo akikuuliza, jibu ni "Sihami, nashukuru." Usiongeze maelezo. Zipu usiitaje kabisa.

Na usisubiri mwisho wa mwezi kudai kilicho chako. Kesho asubuhi tafuta mtu mwenye mkokoteni, nenda naye mpaka mlangoni kwa wifi, na wifi mwenyewe arudi na wewe akiishikilia televisheni isianguke njiani. Televisheni itangulie kuingia. Ya kusameheana mtayazungumza ikiwa imeshawashwa.