Shavu Moja la Fundi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, nisikilize tafadhali maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, na ule mwanga wa kazi uliniachia madoa meusi mashavu yote mawili, basi mke wangu, mwenye saluni, akachemsha majani ya mforsadi, ule mti wa matunda madogo meusi matamu, na kuchanganya na utomvu wa mshubiri, akasema mimea hii huizuia ngozi isizidishe weusi, ila akanipaka shavu la kushoto tu ili wateja waone tofauti, na kila Jumamosi ananikalisha mlangoni kama sanamu ya dukani, wanawake wananishika kidevu, "Hebu shemeji, tugeuzie ule upande mzuri." Dawa imefanya kazi, siwezi kusema uongo, saluni imejaa, na kule karakana wananiita Nusu, nami nikawa nacheka nao. Kicheko kilikwisha juzi nilipomkuta binti yetu, ndiyo kwanza ameanza shule, Jumamosi hushinda nasi saluni, mweusi kama mimi, amejipaka ule uji wa majani mpaka shingoni. Akanigusa shavu la kushoto: "Baba, na mimi nitakuwa mzuri kama huku?" Nikimwambia mke wangu aache, atadhani naionea wivu kazi yake. Nifanyeje?

Nusu

Marahaba, Bwana Nusu. Pole, lakini sanamu haina mdomo, wewe unao. Mkeo hajakosea kutafuta dawa ya madoa. Mmekosea wote wawili kuliacha hilo neno "upande mzuri" lizagae saluni huku mtoto anacheza miguuni penu. Yeye hakuona madoa yakifutika, aliona baba akisifiwa nusu.

Wala msijidanganye kwamba majani hayadhuru, hata upupu ni mmea. Mtoto asiuguse tena uji huo, na ngozi ikimwasha apelekwe kwa daktari. Nawe vaa kinga ya uso kazini, maana bila hiyo mkeo anapaka bure.

Leo hii kaa na mkeo bila kufoka. Mwambie alichouliza mtoto, neno kwa neno, kisha nyamaza. Ni mama, atasikia. Wateja nao waambiwe wazi kwamba dawa ni ya madoa, si ya kumbadili mtu rangi yake.

Halafu Jumamosi ukae kwenye kiti kile kile, umpakate binti yako. Wakikuuliza shavu zuri ni lipi, waonyeshe lake.