Kikombe cha Bakari

Bakari mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko mliko nyinyi mliotangulia. Sisi wa nyuma tungali tunasukumana kwenye feri. Usitarajie nianze kwa kukulilia, maana nilikulilia matanga mazima hadi sauti ikanikauka. Leo nimekuja kukusuta.

Ulikuwa mjinga. Mwanamume mwenye miguu ile na mkono ule, ukawapa watu wa klabu ya Changamwe ujana wako wote kwa kazi ya utarishi! Asubuhi unabeba bahasha kutoka meza hii hadi ile, jioni unashika gongo unawafungia mabao. Halafu ukivuka kuja kwetu Mtongwe unatembea kifua mbele, eti wewe ni mchezaji wa kulipwa. Mchezaji wa kulipwa asiye na viatu! Wazungu wa timu yako walivaa soksi za kufika magotini. Magoa waliokuja kucheza nanyi walivaa viatu vya ngozi. Wewe, fowadi wao, mtu ambaye watu walifunga maduka kwenda kumtazama akicheza mpira wa magongo, ulikimbia peku juu ya changarawe.

Mama ndiye aliyekuharibu. Ulipokuwa mtoto ukipiga vidaka vya mnazi kwa upongoo wa kuti uliopinda, na vidaka vikiwaangukia majirani kwenye vyungu vyao, yeye alisema, "Mwacheni, mkono wake una jambo." Kisha akaja baharia mmoja wa meli za Ulaya kukuongezea wazimu. Akakuambia ziko nchi za baridi ambako magongo huchezwa juu ya barafu, watu wamefunga visu chini ya viatu, na fowadi hulipwa kwa kucheza tu, habebi bahasha ya mtu. Ukasadiki. Ukawa unakwenda kwenye lori la samaki kukanyaga vipande vya barafu vilivyodondoka, unateleza, unacheka peke yako. Nikakuuliza, makubadhi huna, visu wavitakia nini? Ukanijibu, "Dada, mimi huko ningekuwa mfalme, wallahi."

Mfalme! Klabu ya Kisauni ilikupa baiskeli ukaenda kuwachezea, na hapo angalau niliona una akili. Haukupita msimu ukarudi Changamwe, kwa sababu wale waungwana wako walikuahidi kukupeleka Nairobi na timu. Timu ikaenda Nairobi kweli. Wewe uliwabebea masanduku hadi stesheni, ukawapungia mkono.

Lakini kilichomfurahisha mama kuliko mabao yako yote ni kile kikombe. Ulikuja siku moja ukamwambia, "Mama, n'na kikombe changu mwenyewe klabuni. Kina jina langu, na msumari wake wa kutundikiwa." Mama akalibeba neno hilo arusi kwa arusi. "Mwanangu ana kikombe chake kwa Wazungu, hakuna mwingine anayekigusa." Alikufa akilisema, Mungu amrehemu, na nilishukuru kwamba alitangulia asione ulivyokwenda wewe.

Maana ulikwendaje? Ulikanyaga msumari wenye kutu katikati ya mchezo. Wakakumwagia maji, wakakufunga kitambaa, wakakwambia bado kipindi cha pili. Nawe ukarudi uwanjani! Ukafunga bao la ushindi, wao wakaingia ndani na kombe lao, na wewe ukavuka feri peke yako unachechemea. Pepopunda ikakukaza meno hata maji nikawa nakudondoshea kwa pamba. Hakuna aliyevuka kuja kukutazama. Mazishi walituma dereva, naye hakushuka garini.

Basi sikiliza yaliyofuata. Arobaini yako ilipopita, na huku uhuru unanukia, klabu ikakumbuka kwamba ilikuwa na Mwafrika. Wakaleta ujumbe kwamba wanataka gongo lako walitundike ukutani ndani ya klabu, kwa heshima. Mjomba Salimu akaona fahari. "Toa mwanangu, jina la ndugu yako lisipotee." Lakini anajua mila yetu: vitu vya marehemu huangukia kwa dada na watoto wa dada. Gongo ni langu kutoa au kunyima. Nikamwambia sitoi kabla sijauona huo ukuta.

Nikavuka, nikaenda Changamwe nimelivingirisha gongo kwenye leso ya mama. Nikakuta mlango wazi, watu ndani wanacheka. Akatoka mmoja akaniambia mama ngoja hapo barazani. Nikangoja. Kisha mpishi wao, mzee mmoja wa Chaani, akaniletea chai. Kikombe cha bati, kimebanduka rangi mdomoni, na ubavuni kimeandikwa jina lako kwa rangi nyekundu. Alikitoa kwenye msumari uliokuwa ukutani kwa nje, karibu na ndoo ya kufulia matambara.

Nilichungulia dirishani, Bakari. Vikombe vyao vya kaure viko ndani ya kabati la vioo. Nikamuuliza mzee kwa nini hiki kina jina. Akatazama chini. "Ili wasikosee, mwanangu. Asije Mzungu akakinywea bila kujua."

Pale pale nilikudharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu. Nikawaza, huyu ndiye aliyemfanya mama atambe mbele za watu kwa chombo cha mbwa! Mzee akaona uso wangu, akaniinamia. "Lakini nduguyo hakukinywea hata mara moja. Miaka yote ile. Alikuwa akiichukua chai, akisema ahsante, akizunguka nyuma akaimwaga kwenye michongoma. Kisha hurudisha kikombe kikavu."

Kumbe ulijua. Ulijua tangu siku ya kwanza, ukatoka uwanjani na kiu yako, ukavuka maji na kiu yako, ukafika kwetu ukanywa mtungi nusu ukasema ni jua. Nasi tukakucheka kwa kunywa kama ng'ombe. Ulimwambia mama uongo ule kwa kuwa ungemwambia nini kingine? Na mimi je, ungeniambia nini, mimi niliyekuwa nakungoja mlangoni na maneno yangu?

Sikumngoja mwenyekiti wao. Nilikikung'uta kikombe, nikakitia ndani ya leso pamoja na gongo, nikaondoka. Kwenye feri nililia watu wakinitazama. Mwanamke mmoja aliniuliza nimefiwa na nani, nikamwambia na ndugu yangu, leo.

Juma lililofuata mwenyekiti alituma habari, kisha akaja mwenyewe Mtongwe kulifuata gongo. Viatu vimejaa mchanga, jasho linamtiririka, na Kiswahili chake kile cha kuamrisha watumishi. Uhuru u mlangoni, kila mmoja wao anatafuta rafiki mweusi wa kumwonyesha. Mjomba akataka kumkaribisha ndani. Nikasema hapana, barazani pana upepo. Nikapika chai ya maziwa, nikatia iliki kama uipendavyo, nikamtilia.

Aliinywa yote, Bakari. Kiu ilikuwa imemshika, hata hakukitazama alichokishika. Akapangusa mdomo akaniambia, "Chai mzuri sana, mama." Nikakipokea kikombe, nikamgeuzia ubavu wenye jina. Alisoma. Uso ukamwiva, akatafuta kofia yake. Nikamwonyesha ukutani, kwa nje, pale nilipokuwa nimepigilia msumari asubuhi ile, nikamwambia, "Karibu tena, bwana. Ukija utakikuta hapo, hakuna mwingine anayekigusa."

Hakuuliza habari za gongo. Mjomba Salimu hajanisemesha tangu siku hiyo. Atanisemesha, mchuzi wangu anaupenda.

Lala, mjinga wangu. Gongo lako liko ndani, juu ya kitanda cha mama, na wanangu watalirithi kama mila ilivyo. Atakayelichezea miongoni mwao nitamnunulia viatu kwanza, hata niuze mnazi. Na kila Ijumaa nikija kaburini kukusomea nitakuja na maji, niyamimine hapo kichwani pako mpaka ardhi ikatae.

Dada yako,
Mwanatumu