Mashine Inasema Mwanangu Hayupo

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya kinu cha kusaga.
Jumatatu, tarehe 11.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono miwili ingawa mmoja umeshika kalamu. U hali gani huko mbali? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimekuachia? Wifi naye mgongo wake unaendeleaje, na watoto wetu wamerefuka kiasi gani? Nikikukumbuka huwa nakuona vilevile ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kwenda kwa mama mkubwa, nami nakukaba shingo hadi unakohoa. Labda kifua chako nilikiharibu mimi.

Sisi huku ni wazima. Mtoto alikuwa na mafua, yamekwisha juzi. Yule uliyemwacha bila jino hata moja sasa ana mawili, lakini jina la Kibogoyo limeshamganda na sioni likitoka. Ukimwita jina lake la cheti hageuki. Ukisema Kibogoyo anacheka na kukuonyesha hayo mawili, kana kwamba anakukanusha.

Shemeji yako yupo kwenye ujenzi wa shule, anakuja Jumapili tu, ana vumbi mpaka kwenye kope. Mama mkwe ndiye anayekaa na mtoto nikiwa darasani. Nitakueleza habari zake huko mbele, maana naye yumo kwenye shida hii.

Ndiyo kaka, ni shida. Nimejaribu kuanza na habari nzuri nikaona nakuzungusha bure. Shida yenyewe ni Java, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta ambayo wewe uliijua kabla yangu.

Unakumbuka nilipokupigia simu nikaanza kukusomea programu yangu? Mabano yanafunguka, nukta mkato, mabano yanafunga, mpaka ukaniuliza, "Mdogo wangu, unanisomea au unanitukana? Niandikie kwenye karatasi." Basi nimekuandikia. Zile kurasa tano ulizozikuta ndani ya bahasha ndizo hizo. Nimenakili kama ilivyo kwenye mashine, sikunyoosha kitu, hata pale nilipoona aibu.

Darasani tupo thelathini. Siku ya maonyesho, Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 20, kila mtu atasimama aonyeshe programu aliyoitunga mwenyewe, nao watachagua kumi na wawili waendelee na hatua ya pili. Waliobaki watashukuriwa na kuambiwa kwaheri. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, unajua. Wenzangu wengi wamepita sekondari. Nikitoka mlango ule sijui mlango gani mwingine utanifungukia nikiwa na mtoto kiunoni.

Mwalimu ni mtu mzuri, ila ana utaratibu wake. Kila mwezi anampa kila mmoja wetu vifuniko vitatu vya soda. Ukimwuliza swali, unalipia kifuniko. Vikiisha, umekwisha. Anasema asiyejikuna mwenyewe hatajua panapowasha. Nia yake ni tusimkimbilie kwa kila kitu, na ni kweli, zamani kabla ya vifuniko tulikuwa tunamzonga kama vifaranga.

Sasa nisikilize nilivyovitumia vyangu. Cha kwanza kiliishia kwenye nukta mkato niliyoisahau mwisho wa mstari. Cha pili, nilianza jina la programu kwa herufi kubwa na jina la faili kwa herufi ndogo, mashine ikakataa kulitambua. Cha tatu ni bano moja la kufunga. Bano moja, kaka! Mwalimu aliweka kidole kwenye kioo, akatia bano, akachukua kifuniko, akaenda zake. Tarehe nne ya mwezi mimi nilikuwa mkavu. Shida kubwa ikaja tarehe tano.

Programu yangu ni ya kliniki tunakopimia watoto uzito. Niliichagua kwa sababu siku moja nesi alitafuta kadi ya Kibogoyo kwenye droo tatu, na kina mama nyuma yangu wakisonya. Nikafikiri, si orodha ikae kwenye mashine? Unachapa jina la mtoto, mashine inakuambia yupo au hayupo, na kama yupo, mara ya mwisho alikuwa na kilo ngapi. Nimeweka majina ishirini ya utani ya watoto wa mtaani kwetu, la kwanza likiwa la binti yangu. Kibogoyo, kilo nane na nusu.

Nikachapa Kibogoyo. Mashine ikajibu: Hayupo.

Nikadhani nimekosea kuchapa. Nikarudia taratibu, herufi moja moja, kama ninamlisha mtoto uji. Hayupo. Nikafungua orodha, namwona huyo hapo, wa kwanza kabisa, mwanangu. Nikarudi nikamwuliza tena. Hayupo. Kaka, najua ni mashine, haina ubaya na mtu. Lakini kuambiwa mara kumi na tano kwamba mtoto wako hayupo, mara ya kumi na sita moyo unakwenda nyumbani kuhakikisha.

Kinachonimaliza ni kwamba haikuandika kosa lolote. Yale makosa mengine mashine inapiga kelele, inakutajia hadi namba ya mstari. Hili imenyamaza tu. Inafanya kazi yake vizuri, na kazi yake ni kunikatalia.

Nimejaribu kila niwezalo. Nikitafuta kwa uzito, nikachapa kilo nane na nusu, inampata mara moja. Uzito inaujua, jina hailijui. Nikiandika jina mle mle ndani ya programu, bila kumngoja mtu achape, inakubali kwamba yupo. Nikichapa kwa mkono wangu, inamkana. Na ule mstari wa kulinganisha ni uleule tuliofundishwa kwenye namba, zile alama mbili za sawasawa zimekaa katikati, nimezikagua mpaka zimenichosha macho. Sasa kuna tofauti gani kati ya Kibogoyo niliyemwandika na Kibogoyo niliyemchapa? Mimi siioni.

Jirani yangu wa benchi ni fundi simu, tunamwita Chapchap kwa jinsi anavyochapa. Alikuwa na kifuniko kimoja. Nikamwomba. Akasema, "Nikikupa hiki, mimi mwenyewe nikikwama nimlipe mwalimu kwa kucha?" Hakusema vibaya, naye anayo yake. Akaangalia mistari yangu, akakuna kichwa, akasema mashine yangu huenda haipendi watoto.

Sasa nafika mahali ninapoona haya kukuandikia. Alhamisi iliyopita mwalimu alitangaza kwamba atapita kila benchi kuona tumefika wapi. Alikuwa safu ya mbele, anakuja. Nikaenda kwenye ule mstari wa mwisho kabisa, ule unaosema ukishapitia orodha yote usimwone mtoto basi andika Hayupo. Nikalifuta neno lile, nikaandika: Yupo, kilo nane na nusu.

Ndicho nilichofanya, kaka. Niliona mashine haitaki kusema ukweli, nikaifundisha kusema ninachotaka kusikia.

Mwalimu akafika, akachapa Kibogoyo, mashine ikasema yupo, na uzito juu yake. Hakufungua mistari kuisoma, watu walikuwa bado wengi. Akanipiga bega. "Safi sana, Mama Kibogoyo. Tarehe 20 wewe ndiye utakayetufungulia." Akaliandika jina langu ubaoni, namba moja. Darasa lote liligeuka kunitazama. Nilitaka ardhi ipasuke, na papo hapo nilitaka isipasuke ili niendelee kutazamwa.

Alipokwisha kupita, Chapchap akavuta kibodi yangu kwa mzaha, akachapa jina lake mwenyewe. Akasoma jibu. Akanitazama, akasoma tena, akaniinamia sikioni: "Mama Kibogoyo, mimi kilo nane na nusu?"

Tulicheka mpaka machozi, tumeziba midomo. Yeye akasema niiache hivyohivyo, siku ile nichape majina yaliyomo tu, nani atajua? Na rai hiyo ilinikaa, sikufichi. Ilinikaa vizuri sana Alhamisi yote na Ijumaa.

Nyumbani nako mama mkwe alishapata habari. Kaka, huyu mama alikubali kukaa na mtoto mpaka siku ya maonyesho. Kama simo kwenye wale kumi na wawili anarudi kwake, kwani ana shamba lake na magoti yake, na simlaumu. Aliposikia mimi ni namba moja ubaoni, alitangaza kuanzia kinuni mpaka bombani. Anayeuza mkaa alinipongeza. Watu nisiowajua walinipongeza.

Jumamosi nikampeleka mtoto kupimwa. Nesi naye alikuwa amesikia, kwa sababu ndiye aliyealikwa kuja kuona programu za kliniki. Akamning'iniza Kibogoyo kwenye mizani huku akinieleza kwa furaha jinsi itakavyomsaidia. "Anakuja mama hapa na mtoto, hana kadi, hakumbuki chochote. Wewe mashine yako ikiniambia hayupo, najua huyu hajachanjwa kwetu, namfungulia kadi, namchoma zote. Ikiniambia yupo, simsumbui mtoto wa watu." Akamshusha binti yangu akanikabidhi. Kilo nane na gramu mia tisa. Hata ile nane na nusu yenyewe sasa ni uongo.

Nilitoka pale nimembeba mtoto, nawaza. Mtoto yeyote duniani, mashine yangu itasema yupo. Mama atageuzwa mlangoni, mwanawe hajachomwa hata sindano moja, na nesi atakuwa anamtabasamia.

Leo asubuhi nimewahi darasani, nimelifuta lile neno, nimerudisha Hayupo. Nikachapa Kibogoyo. Unajua ilivyojibu.

Kisha nikaenda kwa mwalimu, nikamwambia aniondoe pale juu ubaoni, kwamba ile aliyoisifu ilikuwa inamwambia yupo kila mtu, hata yeye angejichapa angekuwa kilo nane na nusu. Akauliza, "Una kifuniko?" Nikasema sina. Akasema basi hawezi kunijibu, maana akinijibu mimi, ishirini na tisa watataka hivyohivyo. Akaenda ubaoni. Nilijua anafuta. Alilifuta kweli pale juu, akaliandika chini kabisa, namba thelathini. Akasema, "Wa mwisho ana dakika nyingi kuliko wote."

Mama mkwe nimemweleza mchana huu. Nilitegemea maneno. Alikaa na mtoto mapajani, akauliza, "Kwa hiyo, hiyo mashine inasema mjukuu wangu hayupo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mchukue kesho uende naye, imwone." Nilianza kumweleza kwamba haina macho, nikaona hatanii. Kuhusu kurudi kwake hajasema kitu, lakini kapu lake ameliteremsha kutoka juu ya kabati, liko mlangoni, na mimi nalipita bila kuuliza.

Kaka yangu, barua hii anakuja nayo dereva wa lori la saruji, rafiki wa shemeji yako. Akienda salama utaipata Ijumaa. Ukiisoma tu, nakuomba kabla hujala, kabla hujavua viatu, nipigie kwa simu ya mama mkwe, ile namba ya zamani. Usinieleze kwa maneno makubwa. Niambie tu ni ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi, nifute nini, niandike nini. Halafu kama salio litakuwa limebaki, niambie na kwa nini, maana ningependa kujua mashine ilikuwa inaangalia nini muda wote huo ikashindwa kumwona.

Na kama lori litaharibika njiani au wewe utakuwa safarini, ndiyo hivyo tena. Tarehe 20 nitasimama wa thelathini, nitachapa jina la mwanangu mbele ya nesi na mwalimu, mashine itasema Hayupo, nami nitasema sijui kwa nini. Nimejaribu kulisema leo njiani peke yangu. Linatoka. Sauti inatetemeka lakini linatoka.

Mtoto ameamka, anautaka huu wino. Nisalimie wifi, mwambie dawa ya mgongo ni kuacha kubeba ndoo mbili. Nisalimie watoto wetu wote, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona. Mama mkubwa ukimpigia mwambie sijamsahau, ni mambo tu. Shemeji yako anakusalimu, na mama mkwe anasema salamu zake utazipata siku ukipiga simu.

Mungu akulinde kazini na barabarani, akupe kifua chepesi na usingizi wa kutosha, na akuweke karibu na simu yako Ijumaa hii.

Wako akupendaye, na leo akutegemeaye kuliko siku zote,

Mdogo wako,
Mama Kibogoyo.