Kitovu cha Cyusa

Kisangani, 14 Juni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Miguu yako inaendeleaje? Mahindi ya huko Kingi yameota? Na Papa, bado anawachosha wageni kwa sifa za ng'ombe wake? Huku mume wangu Gentil na mimi tunakula, tunalala, tunaenda kazini.

Uliniuliza maabarani ninafanya nini siku nzima kama sitibu mtu. Ninatazama jinsi mishipa midogo ya damu, ile myembamba kupita unywele, inavyojijenga. Seli zake tunazitoa kwenye kamba za kitovu ambazo maternite, wodi ya wazazi, ingezitupa, mama akikubali na kutia sahihi. Tunazilisha kila baada ya siku mbili. Tukiziweka sahanini zinatafutana, zinashikana, na kufikia jioni zimekuwa vijimishipa visivyo na damu wala mtu. Kesho yake vinakatika. Mkuu wetu, Docta Benoît, anasema mikono yangu inazifaa.

Nami nilitia sahihi nikiwa na mimba ya miezi minane. Niliona aibu kuwaomba wengine nisichotoa mwenyewe.

Nilipojifungua ulinipigia ukasema: "Kitovu ya mutoto ikianguka unitumie, nitaizika mu shamba ya ndizi, ajue kwao iko wapi." Wiki iliyofuata nikakuambia kimeanguka, nimekihifadhi. Ulifurahi sana, ukachimba shimo.

Nilikudanganya, Mama. Cyusa aliishi siku tatu, akaacha kupumua. Kitovu hakikuwahi kuanguka. Tulimzika nacho hapa.

Baada ya wiki mbili nilirudi kazini. Vichupa vyetu havina majina, vina tarehe na saa tu. Kimoja kilikuwa na tarehe na saa aliyozaliwa Cyusa. Nikakaa, nikazilisha seli zake. Nimezilisha wiki sita bila kumwambia hata Gentil. Sasa zimechoka, hazizaani tena, na jana zilipaswa kutupwa. Ndipo nikamwambia Docta Benoît. Akaniambia nizichukue.

Honoré, anayekuletea barua hii kwa pikipiki kupitia Walikale na Pinga, amebeba kichupa nilichokifunga kwa plasta. Seli zimekufa, hazidhuru. Utaona kitu kama uji uliokaukia chini. Kizike kwenye lile shimo.

Sijalia bado. Ukipiga simu, tuongee habari za mahindi kwanza.

Nisalimie Papa, dada Emérita, na wote walioshona nguo za mtoto. Mbaki na Mungu.

Binti yako,
Kamaliza, Mama Cyusa