Bibi Apolonia na Mpaka Uliokuwa Ukisogea

Mpendwa Bibi Apolonia,

Siku ya kwanza nilikuja kwako na hasira zangu. Kiwanda nilichofanyia kazi Moshi mjini kilikuwa kimeuzwa, nikapunguzwa kazi, nikarudi kijijini kwetu Mkuu kwa wazazi, mtu mzima asiye na shughuli. Akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walipogawana wazee wa kutembelea, wewe ulibaki bila mtu, kipofu unayeishi peke yako katikati ya migomba. Nikakuchukua ili wasinisengenye.

Uliitikia shikamoo yangu, ukanishika kiganja, ukaniuliza kwa nini silali. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikalia, nawe ukaendelea kumenya ndizi za kupikia mtori kana kwamba hujasikia. Tangu hapo kila Jumatano nilipanda kwako bila kukumbushwa.

Baada ya masika ukaanza kuniuliza kuhusu isale, ile mimea tunayopandia mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ulitaka kujua iko wapi. Nilijibu ipo palepale, maana sikutaka kukutia wasiwasi.

“Felista,” ulisema, “mimi ndiye nisiyeona. Wewe usijifanye kipofu.”

Nikatoka kuangalia. Udongo kwenye mashina ya isale ulikuwa mbichi. Mstari ulikuwa umeingia ndani kwako, ukameza migomba mitatu. Jumatano iliyofuata ilikuwa mitano. Deodati, jirani yako na mtoto wa shemeji yako, alikuwa amesimama upande wa pili na panga. Hakuitikia salamu yangu. Aliniuliza tu kama njia ile huwa naipita peke yangu.

Nilikueleza yote, hata hilo. Ukaniambia nikiacha kuja hutanilaumu. Sikuacha. Nilianza kuja na Mama Beata, mwenzangu wa jumuiya, na wote wawili tulitembea tukigeuka nyuma.

Wazee wa ukoo walipokuja kuamua, ulikataa kiti. Uliweka mkono begani kwangu, ukapita ukigusa mibuni mmoja baada ya mwingine na kutaja aliyepanda kila mmoja. Tulipofika kwenye isale hukusimama. Ulikwenda mpaka kwenye kaburi la mumeo, ambalo sasa lilikuwa upande wa Deodati, ukakaa juu yake.

“Na huyu amehamia kwako?” ulimuuliza Deodati.

Wazee waliamuru mpaka urudishwe. Deodati aliing'oa isale kwa mikono yake, na muda wote alinitazama mimi, si wewe.

Ulifariki mwaka uliofuata, kitandani mwako, mkono wako ukiwa ndani ya wangu. Tulikuzika pembeni ya mumeo, kwenye ardhi yako. Watu huniuliza napata nini kwa kutembelea wazee bila malipo. Kwako nilipata usingizi, halafu nikapata ujasiri wa kusema ninachokiona.

Sasa sikia haya, Bibi. Deodati amepooza upande mmoja, na amezeeka ghafla. Hakuna aliyetaka kwenda kwake. Nimekwenda mimi. Siku za mwanzo nilimlisha uji nikiwa nimekaa karibu na mlango. Wanawe wawili hukaa uani, na nikiingia wanaacha kuongea.

Juzi, kwa ulimi mzito, aliomba apelekwe kaburini kwako. Alisema ana neno la kukuambia kuhusu mpaka, mbele ya wazee. Kijana wake mkubwa alisikia. Alinifuata mpaka barabarani, akaniambia taratibu kabisa kwamba baba yao hana neno la kumwambia marehemu, na kwamba kihamba chako sasa kina wenyewe, yaani wao. Kisha akasimama pale mpaka nilipopotea kwenye kona.

Naogopa. Tangu juzi silali vizuri, nami sina wa kunishika kiganja. Lakini sijaona sababu ya kumnyima mtu huyu jambo pekee aliloniomba. Mama Beata amepata kiti imara na wanaume wanne wa kukibeba. Wazee wameitwa. Tunatoka kesho baada ya misa. Wale vijana wametuma ujumbe kwamba watakuwa njiani wakitusubiri, nasi tumewajibu kwamba njia ya kwenda kwako ni hiyo moja tu.

Tupokee, Bibi.

Mjukuu wako wa Jumatano,
Felista