Folda Niliyoiruka

Dada Edina,

Nakuandikia nimechoka, mtoto yuko mgongoni na anakataa kulala. Usinicheke.

Ile skripti, programu ndogo ya kutafuta mafaili, uliyoniachia nusu niliimaliza. Unakumbuka, mkimbizi akija ofisini kutafuta ndugu yake aliyepotea tulifungua seva moja moja, Kibondo, Kasulu, mpaka Kigoma, siku ikaisha. Sasa kila seva inajitengenezea orodha ya mafaili yake alfajiri, mimi natafuta kwenye orodha zote tatu kwa mpigo. Chai haijapoa, jibu limeshatoka. Kama ulivyokuwa unaniambia, "Mdogo wangu, kwa nini ugonge kila mlango?"

Lakini kuna jambo.

Ulipofariki, bosi alisema folda yako isiguswe mpaka ndugu zako wa Muyama waanue matanga. Nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti: iruke folda ya Edina. Ndugu walikuja, wakachukua sweta lako na kikombe. Mstari niliuacha. Sikusahau, dada. Sikutaka kuona jina lako likitokea pale kana kwamba uko kazini.

Akaja mama mmoja Mrundi kutoka kambini, Konsolata. Mwanawe wa miaka saba alivuka mpaka na majirani, wakapotezana. Mara tatu nilimwambia hayupo. Mara ya tatu akaniuliza taratibu, "Mashine yako imeangalia kote, mwana wanje?" Yaani mwanangu, kwa Kirundi chao.

Nikasema kote. Akakaza kitenge chake, akaondoka kwa miguu.

Mchana ule nilinyonyesha nikashindwa kumtazama wangu usoni. Nikarudi mezani, nikaufuta ule mstari.

Yule mtoto alikuwa kwenye folda yako. Ulimwandikisha Kibondo wiki yako ya mwisho, faili hukuwahi kulituma. Picha ulimpiga wewe, kidole chako kimeingia pembeni. Nililia, halafu nikapiga simu Kibondo. Yupo, analelewa na familia moja huko huko.

Nilimwambia Konsolata ukweli, kwamba ni mimi niliyemruka mwanawe. Akanitazama, akasema, "Basi nipeleke." Nikampeleka.

Pumzika, dada. Folda yako sasa inatafutwa kama nyingine zote, na jina lako likitokea nitalisoma, niendelee na kazi. Mtu akiniuliza kama nimeangalia kote, sitasema ndiyo mpaka iwe ndiyo.

Mdogo wako,
Restuta